Chafua Hiyo Chombo

Msee akiingia keja apate modeli ya chombo cha anga imeparkiwa kwa meza, swali yake ya kwanza ni "hii ni ngapi?" na ya pili ni "inapaa?" Haipaangi, buda. Ni plastiki, gundi na rangi, na kazi yake ni moja tu: kudanganya macho. Kitu inatoshea kwa kiganja inafaa ikae ni kama ina urefu wa kilomita, na ndani kuna watu mia wanamanga lunch. Hiyo uongo ikishika, umemaliza kazi. Isiposhika, uko na toy.

Wasee wa muvi ndio walipika huu uongo mpaka ukaiva. Cheki Star Wars ya kwanza, ya 1977. Muvi ikianza tu, kuna kachombo kanahepa mbio, alafu nyuma yake inatokea Star Destroyer, inapita juu ya kichwa yako na haiishi. Kwa stori, hiyo mnyama ni mita 1,600. Kwa meza ya wasee wa ILM, wenye walitengeneza effects za hiyo muvi huko Van Nuys, California, ilikuwa modeli ya futi tatu. Na manze, ile "ndogo" yenye ilikuwa inakimbizwa ndio ilikuwa kubwa, karibu futi sita! Hakuna mtu kwa ukumbi aligutuka.

Dawa yao ilikuwa takataka. Walikuwa wananunua modeli za madukani kwa makatoni: vifaru, mizinga ya Vita Vikuu vya Pili, magari ya mbio. Si ati wazijenge. Walikuwa wanazichinja. Kipande cha injini kinatolewa huku, kifuniko cha kifaru kule, vyote vinapigwa gundi kwa mgongo wa chombo mpaka inajaa vidude, na hakuna mtu anajua vinafanya nini. Na hawakuwa wa kwanza. Derek Meddings huko Uingereza alikuwa anachezea vipande hivyo kwa kipindi cha TV cha Thunderbirds, 1965, na ile chombo Discovery ya muvi ya 2001: A Space Odyssey, 1968, yenye modeli yake kubwa ilipita futi 50, pia ilivalishwa vipande vya modeli za dukani. Hiyo mbinu inaweza ju macho haitembei na futi. Macho inahesabu. Ikikutana na vitu mob, ndogo ndogo, zimefinyana, inaamua yenyewe kwamba hii kitu ni kubwa.

Hapo ndio msee amesota wa mtaa anaingia gemu bila kuomba mtu ruhusa. Kuagiza modeli kutoka Japani ni poa, lakini usafiri na ushuru inaeza kukula doh kushinda modeli yenyewe. Na saa hiyo pale Luthuli Avenue, Nairobi, fundi wa simu ako na boksi imejaa bodi zilidedi, spika za simu, fremu za chaja. Ongeza kifuniko cha biro, kichwa ya wembe imeisha, kakofia ka dawa ya meno, gamba la roll-on. Mwili wa chombo ni ile chupa ya roll-on yenyewe. Kata, panga, sogeza kidogo, angalia tena. Usipange vilingane kila mahali, ju mashine ya ukweli haina adabu hivyo. Acha sehemu ingine iko plain kabisa, alafu vidude vijazane kwa mfereji mmoja. Hiyo plain ndio inafanya fujo ionekane.

Gundi nayo ina tabia zake. Ile ya modeli inayeyusha plastiki kidogo, pande mbili zinakuwa kitu moja. Supa gluu haiyeyushi, inashika tu juu, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwa kioo. Dirisha la rubani likishapigwa huo ukungu, rubani hata haonekani. Kwa kioo tumia gundi nyeupe ya shule.

Sasa ngoja praima. Kabla ya hiyo, chombo chako ni aibu tupu: kijani ya bodi, bluu ya biro, pinki ya wembe, maandishi ya dawa ya meno. Ukishapiga praima ya kijivu, nyembamba, mkono unatembea bila kusimama, dirisha wazi na barakoa kwa uso, kila kitu inanyamaza. Biro inasare kuwa biro. Mimi hii stage ndio inanibamba kushinda zote, hata kushinda kumaliza. Pia ndio inachoma watu, ju kila pengo na kila alama ya msasa inajitokeza. Hapo unarudi na fila, unapiga msasa wa maji, unapiga praima tena.

Rangi ya msingi usiweke nyeupe ya ukutani ama nyeusi ya kiatu. Kitu ndogo ikiwa nyeusi ti inakaa plastiki tu. Vunja nyeupe na tone la kijivu, nyeusi nayo uipandishe kidogo. Alafu ndio uanze kuchafua, na hapa ndio wasee mob wanaboeka na kuachia njiani, na ndio mahali chombo inazaliwa.

Uchafu lazima ukuwe na sababu. Ni ka nganya. Ile imetoka garage juzi inang'aa, lakini ile imepiga route mwaka mzima unaeza isoma: rangi imeisha pale kange anashikilia mlangoni, masizi iko nyuma ya eksozi, matope imepanda nyuma ya gurudumu. Haikuchafuka ovyo ovyo. Kwa chombo uliza hivyo hivyo: injini inatoa moto wapi, fundi anakanyaga wapi akipanda, risasi iligonga wapi?

Chukua rangi ya kahawia nzito, ilainishe na thina mpaka ikuwe ka chai ya rangi, alafu gusa tu mstari kati ya paneli na ncha ya brashi. Usipake, gusa. Itakimbia yenyewe ndani ya mfereji, unaiona ikienda. Ikianza kukauka, panguza ya juu na pamba ya masikio, ukivuta upande moja tu. Brashi ingine chovya kwa kijivu nyepesi, ifute kwa tishu mpaka udhani rangi imeisha, alafu pitisha kwa kingo. Kila kingo inashika mwanga. Ya mwisho, chana kipande ya sponji ya godoro, chovya kwa kahawia, dona dona kwa pembe. Hiyo ni rangi imebambuka.

Kuna uongo moja ndani ya hii uongo, na wacha niiseme. Tunavutanga michirizi kuelekea nyuma, ni kama upepo ulisukuma uchafu. Huko juu hakuna upepo. X-wing, ile ndege ndogo ya vita ya Star Wars, sawa, inatua, inanyeshewa, inapita hewani. Star Destroyer ilinyeshewa wapi? Lakini ukiiacha bila michirizi, macho inagoma. Kwa hii hobby macho ndio mdosi, fizikia ikae kando.

Usidhani hii ni michezo ya watoi. Oktoba 2023, X-wing moja yenye ilitumika kwa ile muvi ya 1977 iliuzwa kwa mnada Marekani, dola milioni 3.1 na kitu. Ilipatikana kwa mali ya Greg Jein, fundi wa modeli mwenye alidedi 2022. Huyo Jein ndio aliongoza kujenga ile chombo kubwa ya muvi ya Close Encounters of the Third Kind, na kati ya vidude walificha R2-D2, ile roboti ya Star Wars, na kasanduku ka posta.

Wasee wa Star Trek wataniambia chombo chao Enterprise ni safi, haihitaji hizi vurugu. Modeli yake ya futi 11, ya 1964, iko kwa makumbusho ya Smithsonian, Washington. Miaka ya 90 ilirekebishwa ikachorwa mistari ya paneli nzito, mafans wakawaka mpaka leo. Kwa marekebisho yenye iliisha 2016, mafundi walifuata rangi ya zamani yenye ilikuwa bado kwa upande wa juu wa ile sahani yake ya mbele, haijaguswa tangu sixties. Huko juu kulikuwa na gridi ya penseli na michirizi ya kutu, hafifu sana, kwa TV za wakati huo hungeispoti. Kwa hivyo hata hiyo ilichafuliwa, ni vile tu mkono ulikuwa mwepesi. Anza na hiyo kiwango ya uchafu. Kuongeza utaongeza tu, kutoa ndio noma.