Shingo Nyembamba na Tone la Mwisho

Jaza maji kwenye bika yenye upana wa sentimita 5, ukose alama kwa milimita 1 tu: umekosea kwa karibu mililita 2. Kosa hilohilo kwenye shingo ya flaski ya ujazo, yenye upana wa sentimita 1.3, ni mililita 0.13. Jicho ni lilelile; kilichopungua ni upana wa mahali linaposoma. Mistari ya bika ni ya kukadiria, na anayeitegemea kwa vipimo makini anajidanganya.

Ndani ya shingo, maji hukwea kidogo kwenye kioo na kubonyea katikati. Soma chini ya mbonyeo, jicho likiwa usawa wake. Ukichungulia kutoka juu, utadhani maji yamefika kwenye alama kabla hayajafika. Pamanganeti ya potasiamu, kwa weusi wake, husomwa ukingo wa juu.

Wembamba huohuo umo kwenye bureti, mrija wenye alama wa kuachilia kimiminika kwa kipimo. Bureti ya Gay-Lussac, mwanakemia wa Ufaransa, ilimiminwa kwa kuinamishwa kama birika. Mjerumani Karl Friedrich Mohr ndiye aliyeifunga mpira na kibanio chini, matone yakaanza kuachiwa moja moja.

Sasa tazama herufi zilizoandikwa kwenye kioo, ambazo wanafunzi wengi huzipita. “In” maana yake kiasi kilichomo ndani. “Ex” ni kiasi kinachotoka. Flaski ni ya “In”: ukiimwaga, utando wa maji hubaki kutani, kwa hiyo hupati ujazo wake kamili. Pipeti ya kibofu ni ya “Ex”, na tone linalobaki nchani lilishahesabiwa na mtengenezaji. Gusisha ncha kwenye ukuta wa chombo, subiri, basi. Usilipulize.

Karibu na herufi hizo kuna 20 °C, joto ambalo ujazo wa chombo ulipimiwa, na hapo ndipo maabara ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi inaposumbuka. Flaski ya lita 1 ya daraja A huruhusiwa kukosea kwa mililita 0.4. Ijaze kwa nyuzi 30, na maji yaliyomo yatapungua kwa karibu gramu 2.5, kwa kuwa maji hutanuka zaidi kuliko kioo. Kuyeyusha hidroksidi ya sodiamu huongeza joto zaidi. Iyeyushe kwenye bika, iache ipoe, uihamishe yote kwenye flaski pamoja na maji ya kusuuzia bika, ndipo uongeze maji hadi kwenye mstari.