"Huyu si baba yenu!"
Fumbo la mwanga katika picha za kuchorwa

Je, umewahi kutazama picha ya mtu unayemjua vyema, pua ni yake, macho ni yake, lakini moyo wako ukakataa katakata kuwa ni yeye?

Sisi yalitupata nyumbani Kayole. Baada ya matanga ya baba tulichanga pesa, tukamwendea fundi mmoja anayechora mabango ya vinyozi na mikahawa karibu na steji. Picha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kitambulisho. Juma moja baadaye alituletea kazi yake, kwenye kipande cha hadibodi. Wageni waliisifu. Mama aliitazama kwa muda, akaigeuza ikaelekea ukutani. "Huyu si baba yenu," akasema, akarudi jikoni.

Fundi hakuudhika. Jumapili alirudi, akakubali chai, kisha akauliza: "Mama, mzee alipenda kukaa wapi?" Mama akamwonyesha kiti kilicho kando ya dirisha, mahali ambapo baba alisoma gazeti jioni hadi giza likamshinda. Fundi akaniomba niketi hapo saa kumi na mbili kasorobo. Alinitazama tu, hakuchora hata mstari mmoja, akaondoka na hadibodi yake kwapani.

Kosa lilikuwa wapi? Picha ya kitambulisho hupigwa mwanga ukiwa mbele ya uso. Mwanga huo hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha mabonde ya mashavu na mikunjo ya paji. Uso hubaki bapa kama sahani. Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe stima ikipotea, jambo ambalo wakazi wa Eastlands hawahitaji kusubiri sana. Simama mbele ya kioo na tochi. Imulike chini ya kidevu, utajiogopa. Ihamishe kando, usawa wa sikio, na ghafla utaona mtu mwenye mawazo mazito. Uso ni ule ule.

Wachoraji wamelijua jambo hili kwa karne nyingi. Mwaka wa 1600 Mwitaliano Caravaggio alimaliza picha ya Yesu akimwita Mathayo mtoza ushuru, ambayo ingali kanisani mjini Roma. Ndani ya picha mna dirisha, lakini dirisha hilo halitoi mwanga wowote. Mwanga unaingia kutoka upande wa kulia, juu ya kichwa cha Yesu, na kukatiza giza hadi kwa wanaume walioketi mezani. Hata asiyejua Biblia atahisi kwamba kuna mtu anayetafutwa mle ndani.

Anayenigusa mimi zaidi ni Mholanzi Rembrandt, aliyefariki mwaka wa 1669. Katika picha yake ya mwana mpotevu, iliyoko St Petersburg nchini Urusi, karibu kila kitu kimemezwa na weusi na hudhurungi. Mwanga umetua penye uso wa baba mzee na mikono yake juu ya mgongo wa kijana aliyepiga magoti, kiatu kimoja kimemvuka. Rembrandt alikuwa na mbinu yake: penye mwanga alipaka rangi nzito, wakati mwingine hadi ikainuka kama lipu, na penye kivuli akaipaka nyepesi kama chai ya rangi. Jicho hukimbilia ile nzito.

Si lazima usafiri hadi Urusi. Simama steji ungoje matatu ya kwenda mjini. Kanuni za mwaka wa 2004 zilipoleta mstari wa manjano, michoro mingi ya magari ilifutwa, lakini baadaye ilirudi. Tazama nyuso za wanamuziki zilizopulizwa kwa bomba la rangi: upande mmoja unang'aa, mwingine umezama gizani. Mafundi hao nao wanaijua siri ya Caravaggio, hata kama wengine hawajalisikia jina lake.

Baba alirudi Alhamisi. Fundi alikuwa amepaka hudhurungi nzito nyuma ya kichwa, akauacha upande wa kushoto wa uso upotee humo, na kulia akatia manjano yenye wekundu kidogo, kama jua linalozama nyuma ya magorofa. Chini ya jicho palikuwa na kivuli ambacho hakimo kwenye kitambulisho. Mama aliketi. Hakusema lolote, akavua kitambaa cha kichwa na kujifuta macho.

Jirani mmoja alilalamika kwamba nusu ya uso haionekani. Mama alimjibu kuwa nusu hiyo anaijua.

Fundi hakuongeza bei. Alituagiza tu tusiitundike mkabala na balbu, bali mahali ambapo mwanga wa dirisha utaifikia kutoka kulia, upande ule ule alioupaka manjano.