Sikio Moja Kimya: Kutafuta Kasoro Katika Amplifaya Mpya ya Vali

Amplifaya ya vali ikikataa kulia, wa kwanza kulaumiwa huwa ni vali yenyewe. Si ajabu. Ndiyo inayoonekana, inawaka kama kaa la jikoni, na kuipata ni shida. Lakini katika kifaa ambacho mtu amekiunda juzi kwa mikono yake, vali ndiyo ya mwisho kushukiwa. Nitaeleza haya kwa mfano wa amplifaya ya hedifoni ambayo wenzetu wa chama cha fizikia waliiunda hapa Thika, kutokana na vipande vilivyotoka Marekani. Ililia sikio la kulia, la kushoto kimya kama kaburi, na maonyesho ya sayansi yalikuwa yamebaki wiki mbili. Wengine walikuwa wameshaanza kuchanga pesa za kuagiza vali nyingine.

Vali ni nini? Wa kidato cha nne wanajua kwamba chuma kikipashwa moto hutoa elektroni. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitumia jambo hilo kuunda vali ya kwanza, na mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza waya wa katikati uitwao gridi. Ndani ya kioo kisicho na hewa, kathodi yenye moto hutoa elektroni, anodi yenye volti nyingi huzivuta, na gridi husimama kati yao kama askari wa langoni. Muziki mdogo ukiguswa kwenye gridi, mkondo mkubwa wa anodi hupanda na kushuka vivyo hivyo. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947, vali zikaanza kustaafu, lakini hadi leo zingali zinaundwa Slovakia, Urusi na Uchina, maanake wapiga gitaa hawataki kuziacha.

Amplifaya ninayosimulia ina vali mbili. Ndogo, 12AU7, ndiyo inayokuza muziki. Kubwa, 6080, ndiyo inayousukuma hadi kwenye hedifoni, na kati yao kuna kapasita za kupitisha muziki na kuzuia volti. Hebu shika jambo hili: kila moja ya vali hizi ni vali mbili katika kioo kimoja, nusu ya sikio la kushoto na nusu ya sikio la kulia. Litatufaa baadaye.

Kabla hujagusa chochote, jua unacheza na nini. Si betri za tochi hizi. Ndani ya kifaa hiki kuna volti 170 za mkondo mnyoofu, na hata ukichomoa plagi, kapasita hubaki zimejaa. Kapasita ya mikrofaradi 220 ikiwa na volti 170 huwa na nishati ya jouli 3 hivi, na zikipita kifuani si mchezo. Ati ukaguse waya wa anodi kwa sababu taa zimezima! Chomoa plagi, ngoja, kisha pima kwa mita. Volti zikiwa bado zipo, zimwage polepole kupitia rezista ya omu 10,000 yenye wati 5 iliyofungwa kwenye waya zenye mpira, hesabu hadi 15, halafu pima tena. Wanaogusanisha kwa bisibisi ili kuona cheche wanaharibu kapasita na pengine macho yao. Ikibidi kupima kifaa kikiwa na stima, mwalimu awepo, vaa viatu vya mpira, funga waya mweusi wa mita kwenye chasisi kwa kibanio, na mkono wa kushoto uutie mfukoni. Mkono ulio mfukoni hauwezi kupitisha mkondo kifuani.

Jambo lingine la kutazamwa mapema ni transfoma. Stima ya nyumbani Marekani ni volti 120 kwa hezi 60. Kwetu ni 240 kwa hezi 50. Transfoma nzuri ya kutoka huko huwa na mizingo miwili upande wa kuingilia: Marekani huunganishwa sambamba, na hapa ni lazima ifuatane, mmoja baada ya mwingine. Ukiiacha sambamba ukachomeka Thika, omba fyuzi iwahi kukatika kabla transfoma haijaanza kunuka.

Fundi wa redio aliyetusaidia, mzee mwenye kibanda karibu na steji ya Ruiru, hakukubali hata kuichomeka moja kwa moja. Alipitisha stima kwanza katika balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya, wala si ya LED. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, ni sawa, kwani vali baridi huvuta mkondo mwingi mwanzoni. Ikiendelea kung'aa, kuna shoti mahali, na iliyoumia ni balbu tu. Kipimo hiki ni cha bei ya balbu moja, na nadhani kila maabara ya shule ingekuwa nacho. Akisharidhika huiondoa, kwa sababu balbu ikiwa katikati volti zote husoma chini.

Sasa, sikio la kushoto. Kwanza mzee alibadilisha nyaya za kuingiza muziki, ya kushoto akaitia kulia na ya kulia kushoto. Kimya kingehama, kosa lingekuwa kwenye waya au kwenye simu inayopiga muziki. Hakikuhama. Hedifoni nazo akazibadilisha kwa nyingine, kimya kikabaki sikio la kushoto, kwa hiyo hedifoni ni nzima. Ni upande wa kushoto wa amplifaya wenyewe.

Hapo ndipo uzuri wa kifaa cha masikio mawili unapoonekana. Huhitaji kitabu cha kukuambia volti zinazofaa, maanake upande mzima ni kitabu tosha. Kila pini ya upande bovu ina pacha wake, nawe kazi yako ni kuwalinganisha. Tena stima yetu hupanda na kushuka, asubuhi 240 na jioni 220, kwa hiyo namba zilizochapishwa na wenye kuuza hazitalingana na zako hata siku moja. Pacha hupanda na kushuka pamoja.

Mzee alisoma hivi. Anodi ya kulia: volti 80. Anodi ya kushoto: 170, sawasawa na chanzo. Tumia kanuni ya Ohm. Rezista ya anodi ni omu 22,000. Upande wa kulia inapoteza volti 90, basi mkondo ni miliampea 4 hivi. Upande wa kushoto haipotezi kitu, basi hakuna mkondo unaopita. Nusu hiyo ya vali imelala.

Imelala kwa nini? Jibu liko kwenye kathodi, ambayo huunganishwa na chasisi kupitia rezista ya omu 390. Kulia ilisoma volti 1.6. Kama rezista ya kushoto ingekuwa imeachia, kathodi ingekuwa inaelea juu, volti 10 au zaidi. Lakini ilisoma sufuri kamili. Njia ya kwenda chini ni nzima, ila hakuna elektroni zinazotoka. Kathodi ni baridi!

Akazima taa ya kibanda, akatuambia tuitazame vali kwa karibu. Kumbe ni nusu moja tu iliyokuwa inawaka.

Wenye vali mfukoni wangesema, "Si tulisema imekufa?" Ngoja kidogo. Hita ya 12AU7 ina nyuzi mbili zinazokutana kwenye pini ya 9. Ncha zake nyingine ni pini ya 4 na ya 5. Ukiitumia kwa volti 6.3, unaunganisha 4 na 5 kwa kipande cha waya, kisha stima inaingia kati yao na 9. Kipande hicho kisiposhika, uzi mmoja unawaka na mwenzake hauna habari. Mzee akachomoa plagi, akasubiri, akaitoa vali na kuipima yenyewe kati ya 4 na 5: omu chache tu, nyuzi zote nzima. Akapima kiti chake kati ya 4 na 5: mita ikaonyesha hakuna njia kabisa. Lehemu ilikuwa imekaa juu ya pini ya 5 kama tone la nta, bila kushikana na chuma. Aliipasha moto upya, akaongeza lehemu kidogo, ikatambaa na kung'aa. Vali mpya ingetiwa kwenye kiti kile kile, nayo ingewaka nusu vile vile.

Lehemu baridi ya namna hii ndiyo inayoongoza katika vifaa vipya. Inayofuata ni kuhesabu pini vibaya: ukitazama kiti kutoka chini unahesabu kuelekea mwendo wa saa kuanzia kwenye pengo, ukitazama kutoka juu ni kinyume chake. Halafu rangi za rezista. Chungwa-nyeupe-kahawia ni 390, lakini chungwa-nyeupe-chungwa ni 39,000, na chini ya mwanga wa taa ya bweni kahawia na chungwa ni ndugu.

Kama tatizo ni mngurumo badala ya kimya, zungusha kitufe cha sauti. Ukipungua pamoja na muziki, unatoka kabla ya kitufe, aghalabu kwenye waya wa kuingiza ambao kikingio chake hakijaunganishwa. Usipobadilika, tazama kapasita za chanzo na waya wa ardhi.

Baada ya ukarabati pima tena pande zote mbili kabla ya kuvaa chochote masikioni. Yetu ilisoma 80 kulia na 82 kushoto. Jaribu kwanza kwa hedifoni za bei rahisi, na ukizitumia zile za simu za omu 32 usishangae sauti ikiwa nyembamba. Amplifaya za aina hii hupenda zenye omu 300. Vipimo vyote vimeandikwa kwenye daftari la bluu katika kabati ya maabara ya fizikia, pini kwa pini, na funguo ni za kuomba kwa mwalimu wa zamu.