Dakika Mbili Bafuni, Basi!

Wewe unayekaa bafuni nusu saa ukiimba, Cape Town ya mwaka 2018 ungekiona cha mtema kuni. Ukame wa miaka mitatu ulikausha mabwawa, na kuanzia Februari 1 jiji likatoa amri: lita 50 kwa kichwa kwa siku. Ndoo mbili na nusu, jamani! Humo humo uoge, upike, ufue, na choo kinakusubiri. Kuosha gari kwa maji ya bomba, marufuku. Watu walioga wamesimama ndani ya beseni, maji yale yale yakaenda kumwagwa chooni.

Bili nayo ikawanyoosha. Bei ilikuwa ya ngazi: uniti za mwanzo nafuu, ukizidi kutumia kila ngazi ni ghali kuliko ya chini yake. Mwenye bustani na bwawa la kuogelea akajua hajui. Safi sana, au siyo?

Ngoja kwanza. Mita haihesabu vichwa. Kikomo kilikuwa lita 10,500 kwa nyumba kwa mwezi, yaani watu saba tu. Nyumba ya watu kumi na wawili, pamoja na wapangaji wa vibanda vya uani, hata wakibana vipi wanavuka. Kuongezewa iliwezekana, ila mpaka uombe.

Siku ya mabomba kufungwa, waliyoiita Day Zero, haikufika. Kubana matumizi kuliwaokoa kwanza, kisha mvua za mwaka huo zikaja. Ninyi mnaopanga vyumba nane mita moja, mwenye nyumba anagawaje bili?