Kichwa cha Mtu ni Amana

Wasomi tumezoea kudhani kuwa lugha hufundishwa kwa kitabu na chaki. Marehemu mwalimu wetu wa ususi alinisuta. Alifundisha Lodwar kwa miaka mingi, kisha Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Waturkana, Wasudani, Wasomali na Wakongo waliingia darasani mwake bila lugha moja. Kiswahili walikipata vidoleni: chana, gawa, suka, fumua. Jumapili alifika parokiani alfajiri, akafagia kanisa kabla ya Misa. Nilimwuliza mbona hachoki kurudia neno lile lile. Alijibu kwamba kichwa cha mtu ni amana. Walimu wenzangu, je, hivyo ndivyo tunavyovishika vichwa tulivyokabidhiwa?