Kabureta mbovu hula faida ya mwenye Land Rover

MWENYE Land Rover ya zamani anayebeba mpunga kutoka Majimoto hadi Mpanda mjini, mkoani Katavi, hupata faida au hasara kutokana na lita za petroli anazotumia. Kwa safari ya kilomita 240 kwenda na kurudi, gari linalokwenda kilomita sita kwa lita hutumia lita 40. Likishuka hadi kilomita tano, hutumia lita 48. Hizo lita nane hutoka katika mfuko wa mwenye gari.

Mara nyingi lawama huangukia injini, kumbe tatizo ni kabureta. Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, zenye injini ya petroli ya lita 2.25, nyingi zilifungwa kabureta ya Zenith.

Kabla ya kuigusa, fundi makini huanza na mengine. Valvu huachiwa nafasi ya milimita 0.25, na pointi milimita 0.35 hadi 0.40. Chujio la hewa la Land Rover hizo hutumia oili, na vumbi la kiangazi huligeuza oili hiyo kuwa tope. Hewa ikikosekana, petroli huzidi.

Kisha plagi hufunguliwa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi. Ikiwa nyeupe, hewa inazidi. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Gari likitulia choki inapovutwa kidogo, huenda hewa inapenya kwenye gasketi chini ya kabureta.

Petroli ikivuja juu, boya limetoboka au sindano yake imelika. Jeti zilizoziba hupulizwa kwa upepo. Kuzichokoa kwa waya hupanua tundu, na ulaji wa mafuta huongezeka moja kwa moja.

Zenith ina ugonjwa wake: mfuniko hupinda kwa joto na kwa kukazwa mno, na mpira wa duara uliomo ndani hukatika. Hapo gari hunywa mafuta hata skrubu ikifungwa yote. Dawa ni kusugua mfuniko kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo hadi unyooke, na kubadili mpira. Si lazima kununua kabureta mpya.

Marekebisho hufanywa injini ikiwa ya moto. Skrubu ya mchanganyiko hufungwa taratibu bila kukazwa, kisha hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo huzungushwa kidogo kidogo hadi injini iende kasi na kwa utulivu, ndipo sailensa hupunguzwa. Sigara na moto vikae mbali.

Baada ya hapo, mwenye gari aandike kilomita na lita za kila safari. Mali bila daftari hupotea bila habari.