Mgongoni mwa Bampa

Anayetoka viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, akavuka Mtaa wa Lumumba na kushuka hadi maduka ya vipuri ya Gerezani, hukuta mabampa yamening'inizwa juu ya vichwa vya wapita njia: ya IST, ya Noah, ya RAV4, mengi yakiwa mtumba wa Japani. Mnunuzi mjuzi huligeuza bampa kwanza. Mgongoni ndiko kuna masikio yaliyokatika, matundu yaliyopanuka, na herufi za kiwandani: PP, ABS au TSOP.

Herufi hizo zina kazi. PP ni polipropilini, plastiki iliyompatia Mtaliano Giulio Natta nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963, pamoja na Karl Ziegler. TSOP ni ya jamii hiyohiyo, imetiwa mpira ndani, nayo Toyota wanaitumia tangu miaka ya 1990. Zote mbili hazishikani na gundi ya kawaida. Supaglu hukauka juu yake, kisha ikabanduka kama gamba. Ndiyo maana fundi bodi huziunga kwa moto au huzishona kwa waya. ABS ndiyo inayokubali gundi.

Lakini masikio mengi hayakuvunjwa na ajali. Yalivunjwa gereji.

Plastiki ya nje hushikwa na skrubu, klipu au tepu ya gundi pande mbili, mara nyingi vyote kwa pamoja. Fundi mwenye papara huchomeka bisibisi bapa pembeni na kukwanyua. Aliyetulia huanza chini ya gari na ndani ya tao la tairi, ambako skrubu zimejificha. Klipu ya vipande viwili huinuliwa kipini cha kati kwanza, ndipo mwili wake utoke. Zipo pia ambazo kipini hicho husukumwa ndani. Kisha bampa huachanishwa kuanzia kwenye fenda, likivutwa kwa nje, na nyaya za taa za ukungu huchomolewa kabla halijaanguka nazo.

Joto la Dar es Salaam husaidia, kwa kuwa plastiki yenye vuguvugu hupinda kabla ya kukatika. Jua la jiji hilohilo, likiipiga miaka mingi, huikausha mpaka ikageuka kijivu yenye unga. Hiyo haina huruma hata kwa fundi mpole.

Urembo wa milangoni na nembo ni habari nyingine. Hupashwa moto kwa draya ya saluni, kisha nailoni ya kuvulia samaki hupitishwa nyuma yake kwa mwendo wa msumeno. Mabaki ya tepu hufikichwa kwa kidole gumba na kufutwa kwa spiriti. Katika kurudisha, wengi hukosea saa. Kwa tepu nzuri ya akriliki, watengenezaji husema gundi hufikia takriban nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na zote baada ya saa 72. Kulipeleka gari kuoshwa kwa maji ya presha jioni ileile ni kuitafutia nembo njia ya kuondoka.

Klipu zilizolegea zisirudishwe. Anayekwenda kununua mpya abebe ya zamani mkononi, kwani tundu la milimita 8 halishiki klipu ya 7, hata muuzaji aapeje.